Kurudisha mwendo baada ya kuumia kano za goti

Goti lina kano kuu nne, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa, na inayowasumbua sana wachezaji wa soka ni kano mtambuka ya mbele, ambayo huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wala kujizungusha kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Ikichanika, mgonjwa hulalamikia maumivu, ilhali kinachoharibu mwendo wake kwa muda mrefu ni misuli. Goti likivimba, neva zake huuzima kwa kiasi msuli mkubwa wa mbele ya paja bila hiari ya mwenyewe, huku misuli ya nyuma ya paja ikikaza ili kuuvuta muundi nyuma. Hapo ndipo mtu huanza kutembea kwa hatua fupi, goti likiwa gumu na limekunjwa kidogo, na baada ya wiki chache paja huonekana limekonda.

Anza kwa kutazama. Keti mkekani, nyoosha miguu yote miwili, weka kanga iliyoviringishwa chini ya kisigino cha mguu ulioumia, kisha uangalie kama goti linanyooka sawa na lile zima. Baadaye ihamishie kanga chini ya goti, uikandamize kwa goti kwa sekunde 5, ulegeze, na urudie mara 10. Wakati huo weka vidole juu kidogo ya pia ya goti, upande wa ndani. Usipousikia msuli ukikakamaa, basi unasukuma kwa makalio tu na zoezi halijaanza.

Gongo la kutembelea hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, ingawa wengi hufanya kinyume. Kisigino kitangulie kugusa chini, goti likiwa limenyooka, na usiliache gongo maadamu bado unachechemea, kwa kuwa mwili huzoea upesi mwendo mbaya. Kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu la Manzese, Dar es Salaam, panda kwa kutanguliza mguu mzima na ushuke kwa kutanguliza ulioumia. Mchanga wa Coco Beach, ambao marafiki hawakosi kuusifu, uache kwanza: mguu hujipinda humo, na kujipinda ndiko kano iliyochanika isikoweza kukuzuia.

Goti likikwama au likikuachia mara kwa mara, muone daktari wa mifupa, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Shavu la mguu likivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda damu imeganda mshipani.