Nunua daftari kabla ya kuchimba handaki

Vita vya Kagera vilipoanza, Oktoba 1978, nilikuwa muuguzi mdogo kwenye zahanati moja hapa Tanga. Bomu halikutufikia, Kagera ni mbali. Kilichotufikia ni ukosefu. Sabuni iliadimika, mafuta ya taa ya friji la chanjo tuliyapangia foleni, na malori tuliyoyazoea yalikuwa yamekwenda kubeba askari. Kampala ilianguka Aprili 1979, kisha Mwalimu akatuambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Wangu nadhani niliufungua 1986.

Kwa hiyo wajukuu wakiniuliza vita ikija tufanye nini, nawaambia wanunue daftari.

Chukua nyumba kumi za balozi wako, upige hodi moja moja. Mimi nilianza na zetu za Ngamiani. Andika nani mjamzito na wa miezi mingapi, nani ana mtoto wa chini ya miaka mitano, nani hawezi kutembea, kisima kiko kwa nani, na nani ana bajaji au guta la kumkimbiza mzazi usiku. Mwenye dawa za kila siku mtilie nukta tu, jina la ugonjwa usiliandike. Mtaa una midomo. Huyo mwenye nukta mkumbushe aombe kliniki dawa za miezi miwili mapema, kadi yake aifunge kwenye mfuko wa nailoni, na asimege vidonge nusunusu ili vimfikishe mbali. Hilo la kumega nimeliona likizika watu.

Insulini inataka uangalifu zaidi. Kichupa kilichofunguliwa huvumilia kama wiki 4 nje ya friji, joto lisipozidi nyuzi 30, na Januari yetu mnaijua. Umeme ukikatika, kitie kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, kikopo ukiweke ndani ya chungu cha udongo, na chungu ukizungushie kitambaa kibichi. Kiweke kivulini penye upepo. Hewa ya pwani ina unyevu, chungu hakipoi kama cha Dodoma, kwa hiyo kilowanishe mara kwa mara.

Sasa maji. Goma, Julai 1994, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, na Ziwa Kivu lilikuwa hapo hapo mbele yao. Maji walikuwa nayo. Safi ndiyo waliyokosa. Chemsha mpaka yatokote kwelikweli. Kuni zikikosekana, jaza chupa za plastiki zinazoonyesha, maji yawe maangavu, uzilaze juu ya bati kwenye jua kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Choo kipya kichimbwe mita 30 kutoka kisimani, hata kama jirani atanuna.

Mtu akianza kuharisha, usingoje pakiti za dukani. Maji safi lita moja, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa kwa kisu, chumvi nusu kijiko. Chupa mbili za bia za nusu lita ndizo kipimo changu, na msiniulize nilizipata wapi. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 uanze tena, na mtoto anyonye kama kawaida. Mchanganyiko uliolala mwaga.

Hapo ndipo daftari linapolipa. Nyumba mbili zikiharisha majimaji siku moja, usisubiri ya tatu; mtume kijana mwenye baiskeli kwa bwana afya na namba za nyumba mkononi. Asiseme tu "watu wanaumwa". Aseme nyumba gani, tangu lini, na wanateka wapi.

Andika kwa penseli. Watu huhama, watoto huzaliwa, na wino ukilowa hausomeki.