Kabla ya kwenda Pangani wikiendi ndefu, uliza maji kwanza

Wanaopanga kuja Pangani wakati wa sikukuu huanza na chumba, wakaja kwenye nauli, halafu siku mbili kabla ya safari ndipo wanapouliza habari za Kisiwa cha Maziwe. Mimi naona waanze na maji: yatapwa saa ngapi, na yatapwa kiasi gani. Chumba ukikikosa hapa utakipata pale. Kisiwa ni kile kile kimoja, na kwa saa kadhaa kila siku hakionekani.

Maziwe kiko kusini-mashariki mwa Pangani mjini, kilomita nane hivi baharini. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, mivinje imesimama, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Bahari ikala mchanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha yote. Kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, linaibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa bado wanapanda hapo, na mayai yao huhamishiwa ufukweni Ushongo, bara, yasije yakafa maji. Sasa wewe umetoka Dar na familia, umelipa boti, umefika pwani maji yamejaa. Nahodha mwaminifu atakwambia rudi kesho. Asiye mwaminifu atakupeleka ukaogelee juu ya kisiwa.

Kwa asiyekulia pwani: bahari yetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele, kwa wastani dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana, na tofauti yake huku kwetu hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inajongea kidogo tu. Hayo wengi wameyasikia. Wasichokijua ni kwamba saa nazo zina kawaida yake. Pwani ya Tanga, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi bahari imejaa, na jioni ndipo inapopwa, tena kwa kusuasua.

Kwa hiyo mwenye nia ya Maziwe atafute bamvua. Ataondoka saa mbili au saa tatu asubuhi, atakuta fungu limeibuka au linaibuka, ataogelea kwenye matumbawe wakati maji ni machache na maangavu, na mchana atakuwa amerudi bara. Jioni bahari inamfuata mpaka mlangoni, Ushongo au Pangani mjini, akaoge tena. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kuoga asubuhi, na kisiwa hakimhusu, maji mafu yanamfaa zaidi, maana siku za bamvua atatembea mbali sana juu ya mchanga mtupu kabla maji hayajamfika magotini.

Uzuri ni kwamba sikukuu zetu nyingi zenyewe zinafuata mwezi. Idi el Fitri huja mwezi ukiandama tu, kwa hiyo ni bamvua bila kuuliza. Pasaka nayo haiwi mbali na mwezi mpevu, kwa sababu huhesabiwa kuwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21. Ijumaa Kuu mara nyingi inakukuta kwenye bamvua, au linaanza kuisha. Idi ya kuchinja ni tarehe kumi ya Mfungo Tatu, kwa kalenda ya Kiislamu, mwezi umepita nusu kidogo. Hayo ni maji mafu. Anayekuja Idi hiyo kwa ajili ya Maziwe peke yake amechagua vibaya. Aje kula, kulala na kupanda boti mtoni. Maulidi, tarehe kumi na mbili ya Mfungo Sita, yako njiani kuelekea mwezi mpevu, na bahari inaanza kupata nguvu. Sikukuu za tarehe, kama Muungano, Saba Saba, Nane Nane na Siku ya Nyerere, hazina uhusiano na mwezi, hizo inabidi utazame kalenda ya maji. Ziko nyingi kwenye simu; chagua bandari ya Tanga, usisome ya mahali pengine ukadhani ni yale yale.

Kisha upepo. Machi hadi Mei ni masika, na hapo ndipo Pasaka inapoangukia. Sisemi usije, ila ujue kwamba Mto Pangani ukijaa unamwaga tope baharini, na ufuko wa mjini unakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ushongo, kusini zaidi, mara nyingi ni afadhali. Juni hadi Agosti kusi linavuma, na boti ndogo inayokwenda Maziwe asubuhi kwa utulivu inaweza kurudi mchana watu wameloa mpaka shingoni. Kaskazi, Desemba mpaka Februari, jua ni kali kweli kweli. Ukiniuliza mimi, nitakwambia Oktoba: kusi limechoka, vuli halijashika, na Oktoba 14 ikiangukia Ijumaa au Jumatatu unapata siku tatu bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hata hivyo, wiki ya safari fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa pwani ya Tanga, Maziwe isahau, hata kama nahodha anasema ameyazoea. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na waliosikiliza taarifa mapema walipata muda wa kubadilisha mipango wakiwa bado nyumbani.

Ukishapata tarehe, ndipo utafute usafiri. Kutoka Dar hadi Tanga kwa njia ya Chalinze na Segera ni kama kilomita 350, na kutoka Arusha ni zaidi ya 400. Tiketi za mkesha wa sikukuu huisha mapema, hivyo kata ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Ya kurudi ndiyo watu huisahau, wakaja kugombea viti Jumatatu na wapiga debe. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kilomita 50 hivi. Mwenye gari anaweza kukatia Muheza bila kufika Tanga, ila aulize hali ya barabara hiyo kama mvua imenyesha. Njia ya pwani, ya Bagamoyo na Saadani, ni fupi kwenye ramani na imekuwa ikijengwa. Uliza dereva aliyepita wiki ile ile.

Jambo linalowapotezea watu muda ni mto. Pangani mjini iko upande wa kaskazini, na ng'ambo ya kusini ni Bweni, unakopitia kwenda Ushongo. Kwa miaka yote njia imekuwa kivuko, na daraja lilianza kujengwa ili kuondoa adha hiyo. Unapopiga simu kuweka chumba, uliza maswali mawili: kwa sasa mnavukaje, na mwisho wa kuvuka ni saa ngapi. Kama umeweka chumba Ushongo na basi lako linafika Tanga saa kumi na mbili jioni, basi usiku wa kwanza panga kulala Pangani mjini. Hilo la kulala mjini wala si hasara, nitalirudia.

Kuhusu chumba nitasema machache. Uliza bei ni ya chumba au ya kichwa, maana nyumba nyingi za ufukweni hutoza kwa kichwa pamoja na chakula, na mtu akisikia bei ya mmoja anadhani ndiyo ya wawili. Uliza kama kuna chandarua na feni, na umeme ukikatika wanafanyaje. Malipo ya awali yatume kwa namba yenye jina la biashara, usitume kwa namba ya mtu binafsi uliyopewa na rafiki wa rafiki.

Chakula kinataka maelezo kidogo, kwa sababu nacho kinafuata mwezi. Bamvua ni msimu wa pweza. Maji yakishapwa, wanawake kwa wanaume hutoka mwambani na vijiti vyao, khanga zimefungwa kiunoni, wanatembea huku wameinama. Mwenye jicho hatafuti pweza, anatafuta mlango wake: pango dogo lenye maganda ya kaa na chaza yaliyolundikwa nje, kwa sababu pweza akishakula hutupa taka zake kizingitini. Anachokoa, anavuta, na mchana huo huo pweza yuko kwenye tui la nazi. Dagaa wa karabai ni kinyume chake. Wavuvi wao huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mwezi mpevu ukiangaza bahari nzima taa haina kazi, hivyo siku hizo wengi hupumzika na kushona nyavu. Ukija Idi el Fitri, mwezi mwembamba na bahari imepwa, unavipata vyote viwili. Ukija mwezi mpevu, kula pweza. Na popote utakapokuwa, agiza chakula cha jioni asubuhi. Ushongo ni kijiji, samaki hununuliwa boti zikirudi; ukikaa mezani saa mbili usiku ukaanza kuuliza kuna nini, utaletewa chipsi mayai na hutakuwa na wa kumlaumu.

Fedha taslimu ziwe mfukoni kabla hujavuka mto. Mawakala wapo, lakini wikiendi ya sikukuu kila mtu anatoa na hakuna anayeweka, hivyo wakala mwenyewe anaishiwa. Toa ukiwa Tanga au Muheza, tena noti ndogo ndogo, kwa ajili ya bodaboda, madafu na kumshukuru mtu wa boti.

Na boti, kubaliana mapema. Maziwe ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio cha serikali mbali na nauli ya nahodha. Hakikisha bei uliyopewa imejumuisha vyote, na kwamba kiingilio utapewa risiti yake. Hesabu majaketi ya kuokolea kwa macho yako, ufukweni, kabla injini haijawashwa. Muulize nahodha tunaondoka kisiwani saa ngapi, kisha hiyo saa iheshimu. Maji yanapoanza kujaa, fungu linaliwa kutoka pembeni, polepole mpaka mtu unajisahau, halafu ghafla mkeka uliokuwa pakavu una maji. Kule hakuna mti, hakuna choo, hakuna maji ya kunywa. Chukua mwamvuli au turubai, kofia, nguo ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, na maji mengi kuliko unavyofikiri. Viatu vya plastiki, yeboyebo, usiviache: wale wadudu weusi wenye miiba mirefu wanakaa kwenye mawe, na mwiba ukikatikia kisiginoni wikiendi yako imekwisha. Kombe na matumbawe viacheni palepale, ni marufuku kuviokota.

Mto nao una masharti yake. Safari ya boti kuupanda jioni, katikati ya mikoko na minazi, ni nzuri, lakini kuoga mtoni hapana, mamba wapo. Na penye mlango wa mto, maji yanapopwa mkondo unakokota hata muogeleaji hodari.

Begi la dawa liwe na dawa ya mbu, ya kutuliza maumivu, chumvi ya kuzuia kuishiwa maji mwilini, na dawa zako za kila siku za kutosha siku mbili za ziada. Homa ikikupata baada ya kurudi nyumbani, kapime malaria na umwambie daktari ulikuwa pwani.

Mavazi ya baharini ni ya baharini. Pangani ni mji wa Waislamu na watu wazima wanakaa barazani; ukitoka ufukweni jitande khanga, vaa shati, salimia. Mkubwa unampa shikamoo, na baada ya hapo utaelekezwa kila kitu bila kulipia kiongozi.

Sasa huo usiku wa mjini. Weka akiba ya nusu siku kwa ajili ya kutembea Pangani yenyewe, hasa kama bahari itachafuka. Kuna Boma la zamani, kuna nyumba za mawe na milango ya nakshi kando ya mto, na ndiko alikonyongwa Abushiri bin Salim na Wajerumani mnamo Desemba 1889, baada ya kuongoza pwani hii kuwapinga. Asubuhi sokoni kuna chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Wengi huupita mji huu wakikimbilia ufukwe, na siku ya kurudi wanakaa saa mbili kwenye foleni ya kuvuka. Ukilala mjini usiku wa mwisho mto unakuwa umeshauvuka, na basi la asubuhi la kwenda Tanga unalipanda ukiwa umekunywa chai.