Mwongozo: kuomba upimaji wa kisheria wa bunduki ya kale ya mitutu miwili nchini Uingereza

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Uingereza ambaye amerithi bunduki kuukuu ya marisau, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, kitako kimepasuka na chuma kimeliwa na kutu. Wengi hukimbilia msasa na rangi. Nakusihi usifanye hivyo. Anza na uhalali wa kuwa nayo, halafu vipimo vya mitutu, halafu thamani. Matengenezo na maombi ya upimaji, yaani kufyatuliwa rasmi kwa risasi yenye nguvu ili kuhakikisha mitutu ni salama, yaje baada ya hayo. Ukigeuza mpangilio huo, waweza kumlipa fundi fedha nyingi kwa ajili ya bunduki ambayo sheria haikuruhusu hata kuiuza.

Karatasi za polisi

Umri peke yake hauifanyi bunduki isamehewe cheti. Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha ya 1968 na Kanuni za Silaha za Kale za 2021, inayosamehewa ni ile iliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939, yenye mfumo wa ufyatuaji au ukubwa wa risasi ulioachwa kutumika, tena iwe imewekwa kama kumbukumbu au pambo tu. Gobori halisi la zamani linalopakiwa mdomoni huingia humo. Bunduki ya kawaida ya namba 12 (namba ya kipimo cha upana wa mtutu), inayokunjwa katikati na kupakiwa nyuma, haiingii hata kama ni ya 1885, kwa kuwa risasi za namba hiyo bado zinauzwa madukani. Nayo hata gobori, ukitaka kulifyatua, litahitaji cheti.

Cheti cha bunduki ya marisau huombwa kwa polisi wa eneo unaloishi. Utajaza fomu, utaambatisha picha, utataja watu wa kukushuhudia, utatoa taarifa ya daktari wako na kulipa ada. Makosa yote uliyowahi kuhukumiwa yaandike, hata ya zamani sana, maana kuficha kunaharibu maombi kuliko kosa lenyewe. Ofisa atakutembelea nyumbani na kuangalia mahali utakapoifungia. Kabati la chuma lililokazwa ukutani ndilo la kawaida. Cheti hudumu miaka 5.

Wakati unasubiri, bunduki isikae kwako. Muuza silaha aliyesajiliwa anaweza kukutunzia, na msimamizi wa mirathi anaweza kuomba polisi kibali cha muda. Siku ukikabidhiwa rasmi, unazo siku 7 za kuwaarifu polisi.

Mitutu ina nini ndani

Hapa ndipo bei ilipo. Nakshi za pembeni zinavutia macho, lakini mnunuzi anayejua kazi yake huvua mitutu kwanza na kuigeuza juu chini.

Chini ya mitutu, karibu na chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), utakuta alama ndogo zilizogongwa. Hizo ni za Proof House (nyumba rasmi ya upimaji) ya London, inayoendeshwa na chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati ya kifalme 1637, au ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1813. Kila mtutu hufyatuliwa huko kwa baruti ya nguvu kupita kiasi kabla haujaruhusiwa kuuzwa. Maneno NOT FOR BALL (si ya risasi moja nzima) yanaonyesha bunduki ilipimwa kati ya 1875 na 1887, enzi ya baruti nyeusi. Herufi BNP ni za Birmingham baada ya 1954, nazo zinamaanisha imepimwa kwa baruti ya kisasa. Bunduki za zamani za Kiingereza zilizobaki Afrika Mashariki zina alama hizi hizi, kwa hiyo usomaji wake utakufaa hata ukienda nyumbani, ingawa huko vibali ni vya nchi husika.

Mpe fundi bunduki apime mambo matatu. Kwanza ni upana wa ndani, inchi 9 kutoka nyuma ya mtutu, aulinganishe na kipimo kilichogongwa. Namba 12 kwa kawaida ni inchi 0.729. Mtutu ukiwa umepanuka kwa takriban inchi 0.010 kupita alama yake, kwa sababu ya kutu au kusuguliwa mara nyingi, upimaji wake wa zamani umekufa. Pili ni urefu wa chemba: nyingi za kale zilikuwa za inchi 2½, na mtu akiirefusha chemba ili iingize risasi ndefu bila kupima upya, hapo pia upimaji wa zamani umekufa. Tatu ni unene wa ukuta wa mtutu. Sheria ya upimaji haikuweka kiwango, lakini mafundi wengi husita ukishuka chini ya inchi 0.020. Mwambie apime hadi mbele ya pale mkono wa kushoto unaposhika, kwa sababu ukuta huwa mwembamba huko, na mtutu ukipasuka huko vidole ndivyo vitakavyoumia.

Thamani

Ukishapata namba hizo, nenda kwa mthamini wa nyumba ya mnada inayouza silaha, na uombe bei mbili: ilivyo sasa, na itakavyokuwa ikitengenezwa na kupimwa upya. Tofauti ya bei hizo ndiyo bajeti yako. Kwa bunduki ya kawaida ya Birmingham, gharama mara nyingi huzidi faida, na ukiitengeneza uwe unafanya hivyo kwa mapenzi ya aliyekuachia. Kwa bunduki ya watengenezaji mashuhuri wa London kama Purdey, Boss au Holland & Holland hesabu hubadilika kabisa. Watengenezaji kadhaa wakubwa wametunza daftari zao, hivyo namba iliyogongwa kwenye bunduki yaweza kukuonyesha mwaka na hata mteja wa kwanza.

Mitutu mipya iliyopachikwa kwenye ncha za nyuma za ile ya zamani, zenye chemba, inaruhusiwa, lakini hushusha bei sana.

Matengenezo

Mabonde ya mitutu yanyanyuliwe, mlegeo kati ya mitutu na mwili wa bunduki ukazwe, ufa wa kitako ugundishwe. Chuma kisiwekwe rangi ya bluu kwa chumvi moto, maana chumvi hizo hula lehemu laini inayoshika mitutu pamoja, na miezi baadaye ubapa wa chuma ulio katikati ya mitutu unabanduka. Njia ya kale ni kutia kutu kidogo kidogo na kuichemsha hadi iwe nyeusi. Nakshi zisisuguliwe kamwe. Rangi hii ya mitutu na mafuta ya kitako visubiri hadi upimaji upite.

Kupeleka Proof House

Wamiliki wengi hupeleka kupitia fundi wao, nami naona ndiyo njia bora, kwa sababu usafirishaji unakuwa mikononi mwa aliyesajiliwa. Fundi atajaza fomu ya kuwasilisha: aina ya bunduki, namba yake, urefu wa chemba, na kama unaomba upimaji wa baruti nyeusi au ya kisasa. Chagua kwa ushauri wake, si kwa tamaa. Kwa namba 12 ya kawaida, risasi za matumizi hufikia shinikizo la hadi bar 740, nayo risasi ya upimaji hufika bar 930.

Kwanza wataikagua kwa macho na vipimo. Yenye bonde au mlegeo hurudishwa bila kufyatuliwa. Ikipita itafyatuliwa, itakaguliwa tena, kisha itagongwa alama mpya. Hatari yote ni yako: mtutu ukivimba au kupasuka, hakuna fidia, na alama za zamani hufutwa kwa kugongwa X.

Ikishindwa, Sheria ya Upimaji wa Mitutu ya 1868 inakukataza kuiuza kama bunduki ya kutumika. Haikukatazi kuwa nayo, mradi una cheti. Unaweza kuomba iharibiwe kisheria isifyatuke tena. Kazi hiyo hukaguliwa na Proof House, nayo hutoa hati. Ukiipata hati hiyo waarifu polisi waiondoe kwenye cheti chako, na uitunze pamoja na bunduki popote itakapokwenda.