Kukata Matumbawe na Kuotesha Miche kwenye Tangi la Nyumbani

Kabla ya kushika koleo, pima maji. Tumbawe lenye jeraha hujenga mnofu na mfupa kwa pamoja, na madini ya mfupa huo huyatoa majini. Chumvi iwe gramu 35 kwa kilo ya maji, joto nyuzi 25 hadi 26, ualkali 8 hadi 9 dKH (digrii za kupimia ualkali), kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Wa kuchunga zaidi ni ualkali. Ukiwa unapanda na kushuka, miche (vipande vilivyokatwa) ya Acropora, tumbawe gumu la matawi, hubanduka ngozi kuanzia chini hata kama vipimo vingine vyote ni safi.

Tumbawe mama nalo liwe limekaa tangini miezi kadhaa, linafungua polipi zake (vijinyama vidogo vyenye mdomo na minyiri vinavyolijenga) vizuri na linaonekana kukua. Lililopauka, au lililofika juzi, liache.

Andaa ndoo mbili ndogo zenye maji ya tangi, koleo la kukatia mifupa, wembe mpya, gundi ya sianoakrilati iliyo nzito kama jeli, vitako vya kauri vya kugundishia miche, glavu za nitrili na miwani inayoziba macho hadi pembeni. Miwani si pambo. Zoanthus, na hasa Palythoa, jamaa za matumbawe zisizo na mfupa zinazoota juu ya mwamba, zinaweza kubeba palitoksini, sumu kali sana, na polipi ikibanwa na wembe huweza kukurukia maji usoni. Funika michubuko yote ya mikononi, na ukate mwamba ulio chini ya polipi badala ya polipi zenyewe. Mwamba wenye wanyama hawa usiuchemshe wala kuusugua kwa maji moto: mvuke wake umeshalaza watu hospitali. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, misuli kulegea au kifua kubana baada ya kazi hii, nenda hospitali mara moja na useme umeshika nini.

Acropora ndiyo rahisi kukata. Chagua tawi la sentimita 3 hadi 5, likate kwa koleo mara moja bila kulitafuna. Vijiti vifupi zaidi ya hapo hufa kwa urahisi. Montipora ya sahani, tumbawe gumu lililo bapa, huvunjika kwa vidole.

Euphyllia ya matawi, tumbawe lenye mfupa na minyiri minene, inataka macho zaidi. Tikisa maji taratibu mpaka minyiri yote irudi ndani, kisha tazama ubavu wa tawi. Utaona mnofu ukishuka kidogo nje ya kikombe cha mfupa, halafu unakoma ghafla. Chini yake mfupa ni mtupu, mara nyingi una mwani. Kata huko kwenye mfupa mtupu, sentimita 2 hadi 3 chini ya mwisho wa mnofu. Diski ndogo ya almasi au msumeno mwembamba unafaa kuliko koleo, kwa sababu koleo likibana bomba la mfupa, ufa hupanda kwa urefu hadi kwenye mnofu, na kichwa ulichodhani umekikata vizuri hufa wiki inayofuata. Euphyllia isiyo na matawi, ile ya ukuta mmoja mrefu, haiwezi kukatwa bila kupasua mnofu. Kwa maoni yetu, haifai kuijaribu nyumbani.

Matumbawe laini hukatwa mnofu wenyewe. Kichwa cha Sarcophyton kikate kwa wembe vipande vya upana wa sentimita 2 hadi 3. Kitatoa ute mwingi wenye kemikali zinazosumbua majirani, kwa hiyo kisuuze kwenye ndoo ya pili, weka mkaa amilifu mpya kwenye kichujio, na maji ya ndoo uyamwage nje, yasirudi tangini. Vipande hivi havishiki gundi; vifunge kwenye jiwe kwa uzi, bila kukaza.

Uyoga wa Discosoma, jamaa ya matumbawe isiyo na mfupa yenye umbo la uyoga, ukate katikati ya mdomo, nusu au robo. Nao huteleza kwenye gundi. Tia vipande kwenye kikombe chenye kokoto za mwamba, funika kwa wavu, kiweke pasipo na mkondo mkali. Baada ya wiki moja au mbili vitakuwa vimejishika kwenye kokoto, na hapo unagundisha kokoto.

Kwa matumbawe yenye mfupa, futa unyevu wa kitako na wa jeraha kwa karatasi, bila kugusa mnofu. Weka tone la jeli la ukubwa wa punje ya njegere, gandamiza mche, hesabu hadi 10, kisha chovya majini. Jeli itavaa utando mweupe papo hapo. Huo ni ganda tu, ndani bado ni laini, kwa hiyo usijaribu kunyoosha mche uliopinda. Ukigundisha chini ya maji, utando huo hujifunga kabla ya kugusa jiwe. Zungusha kitako kidogo unapokandamiza ili upasuke.

Weka miche chini ya mwanga hafifu kuliko ule wa mama, kwenye mkondo wa wastani unaobadilika mwelekeo, kwa wiki mbili. Mkondo wa moja kwa moja huchubua jeraha, na maji yaliyotuama huacha ute uozee juu yake. Konokono na kaa huangusha miche, hivyo tumia rafu yenye matundu ya kushika vitako.

Mnofu kurudi nyuma milimita moja au mbili kwenye jeraha ni kawaida. Weupe unaopanda saa hadi saa si kawaida: kata juu yake, kwenye sehemu nzima, na ugundishe upya. Kwenye Euphyllia ukiona ute wa kahawia unaonuka, unyonye kwa bomba la mpira, toa kichwa hicho na ukitenge siku hiyohiyo, maana huambukiza vya jirani. Acropora iliyoshika huanza kutambaa juu ya gundi baada ya wiki mbili hadi nne, ukingo mwembamba wa rangi ukizunguka mguu wa kijiti. Ukingo huo ukionekana, anza kuisogeza kwenye mwanga wa mama, hatua ndogo kila baada ya siku kadhaa.