Boti haipiti mlangoni? Cheza na pua ya tela
Ndugu zangu wa Kigoma mnaopandisha boti kutoka ziwani na kuilaza nyumbani, msivunje linta (boriti ya juu ya mlango) ya banda la gari kwanza. Boti ikiwa juu ya tela, matairi ni kama katikati ya mizani: ukiinua pua ya tela (ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari) kwa jeki, tezi, yaani nyuma ya boti, inashuka. Basi iingize kinyumenyume pua ikiwa juu. Tezi ikishapita linta, shusha pua taratibu ili omo, yaani mbele ya boti, nayo ipite. Zikipungua sentimita chache, punguza upepo wa matairi, ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Na kabari ya kuzuia matairi! Kwa milima yetu hii, mtu mmoja akae nayo muda wote, maana tela ikianza kuteremka haizuiliki kwa mikono.