Kuzuia nyufa unapochomelea chuma kinene

Mshono ukipasuka siku moja baada ya kazi, hata kabla ya kubeba mzigo, lawama huangukia mashine. Mara nyingi tatizo ni unyevu. Ganda la rodi (fimbo ya kuchomelea) lililonyonya maji, kutu, mafuta na rangi vyote hutoa haidrojeni, nayo huingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Chuma kinene hupoa haraka, kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo, na haidrojeni iliyonaswa ndani hukipasua taratibu, hasa ukingoni mwa mshono.

Tuchukue ulimi wa trela la trekta, bamba la mm 20 lenye ufa. Liguse kwa grainda uangalie cheche. Zikiwa ndefu na matawi machache, ni chuma laini. Zikilipuka matawi mengi, kina kaboni nyingi, kama springi za lori, na hapo usiruke hatua hata moja.

Toboa tundu la mm 5 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee. Saga mpaka ufa uishe kabisa, uache mfereji wa V wa nyuzi 60 hivi. Ukichomelea juu ya ufa umeuficha tu. Safisha sm 3 kila upande.

Tumia E7018, rodi yenye haidrojeni kidogo. Rodi ya E6013 inawaka kirahisi, ndiyo maana mafundi wanaipenda, lakini haifai hapa kwa kuwa ganda lake hutoa haidrojeni zaidi. Rodi zilizokaa wazi zikaushwe kwenye oveni, nyuzi joto 350, saa moja hadi mbili (soma pakiti kwanza). Kuzianika juani hakusaidii. Rodi ya mm 3.2 hutaka ampea 100 hadi 140, ikiwa imeunganishwa upande wa chanya (+) wa mashine.

Pasha bamba kwa moto wa gesi hadi nyuzi 150–200, sm 8 kila upande. Huna chaki ya kupimia joto? Sehemu iliyosagwa ikianza umanjano hafifu, umepita 200, toa moto. Joto lisishuke chini ya 150 kati ya tabaka na tabaka.

Vishikizo, yaani mishono mifupi ya kushikilia kabla ya mshono wenyewe, viwe na urefu wa sm 3. Vifupi hupoa upesi na kupasuka. Mwisho wa mshono usichomoe rodi ghafla, kishimo kinachobaki hupasuka katikati. Rudi nyuma sm 1, kijaze, ndipo uinue.

Usimwage maji. Funika kwa majivu makavu mpaka bamba lipoe lenyewe. Baada ya saa 48 paka dizeli, ifute, kisha paka chokaa: ufa uliobaki utajichora wenyewe.