Kabla hamjabadilisha mfumo wa ofisi: mambo ya kuzingatia

Kama taasisi yenu iko mbioni kubadilisha mfumo wa kompyuta, uwe wa malipo, wa stoo au wa wagonjwa, someni haya kabla hamjapanga tarehe. Mkurugenzi akishaitangaza kikaoni, hakuna atakayesikiliza tena.

Msibadilishe mwisho wa mwezi. Wala Ijumaa jioni, labda kama mafundi wote, wa kwenu na wa mkandarasi, watakuwepo kazini Jumamosi na Jumapili.

Awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "tunasitisha" saa nane za usiku bila kumwamsha mtu kuomba kibali. Kamati haiwezi kazi hiyo.

Waulizeni wanaokaa dirishani. Karani wa mapokezi anajua mambo yasiyoandikwa kwenye mwongozo wowote: kwamba herufi B mwishoni mwa namba ni mtegemezi wa bima, kwamba madeni huandikwa kwenye nafasi ya "maoni". Asipoulizwa, madeni hayo hayatahama.

Mafunzo ya siku moja ukumbini, chai na projekta, hayatoshi. Keshia akae kwenye mfumo wa majaribio apokee malipo, atoe risiti, kisha afute muamala aliokosea. Kufuta ndiko wengi husahau kufundisha.

Sasa njia ya kurudi kwenye mfumo wa zamani mambo yakiharibika. Hapa nawaomba msiwe na haraka.

Nimeshuhudia hospitali moja ikiwasha mfumo mpya Jumatatu asubuhi. Data zilikuwa zimehamishwa usiku kwa faili za Excel, na Excel ikiachwa ijiamulie hukata sifuri za mwanzo. Namba ya faili 004817 ikawa 4817. Mama kafika na mtoto mwenye homa mgongoni, karani anaingiza namba kama ilivyo kwenye kadi, mfumo unasema hayupo. Basi anasajiliwa upya. Kufika saa nne foleni iko getini, na wazee wa presha na kisukari, wenye rekodi za miaka, wamegeuka wagonjwa wapya. Namba za simu nazo zilipoteza sifuri, kwa hiyo meseji za majibu ya maabara zikawa haziendi.

Kosa la sifuri linarekebishika. Kilichoumiza ni kwamba ilipoamuliwa kurudi kwenye mfumo wa zamani, hapakuwa na pa kurudi. Seva ya zamani ilishafutwa ili ifanye kazi nyingine. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ilikuwepo kabatini, kwenye diski ya nje, tarehe imeandikwa juu yake kwa kalamu nzito. Kuifungua, imekatikia katikati: diski ilikuwa imejaa siku nyingi, na hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha. Wauguzi wakarudi kwenye madaftari. Watu wakarudia vipimo walivyokwisha kuvilipia, na wengine walikuwa wametoka mbali kwa nauli ya kuazima.

Kwa hiyo, kabla ya siku yenyewe, rudisheni bakapu kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungueni rekodi kadhaa na mzilinganishe na karatasi. Seva ya zamani isiguswe mpaka mfunge hesabu za mwezi mzima kwenye mfumo mpya. Andikeni mapema kikomo chenu: ikifika saa kumi na moja alfajiri malipo hayapiti, tunarudi. Watu waliokesha hawawezi kuamua jambo hilo vizuri wakati huohuo. Na amueni miamala iliyokwisha kuingia kwenye mfumo mpya itaokolewaje mkirudi nyuma. Hilo husahaulika karibu kila mahali.

Msidhani ni tatizo la ofisi ndogo. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5 wikiendi moja ya Aprili 2018. Data zilihama salama, mfumo ndio uliogoma. Watu hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, na hali haikutengemaa kabisa mpaka Desemba. Mwaka 2022 benki ilipigwa faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa TEHAMA akatozwa pauni 81,620 za mfukoni mwake, kwa kutohakikisha ipasavyo kwamba mkandarasi yuko tayari. Mkandarasi akiwaambia "tuko tayari", mwambieni alete matokeo ya majaribio, na mkiweza anzeni na tawi moja.

Mengine ni ya haraka. Jenereta liwe na mafuta. Laini za intaneti ziwe mbili, na ulizeni kila moja inapita mkongo gani, yaani kebo ipi ya chini ya bahari: Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, intaneti ilizorota Tanzania nzima, na kuwa na kampuni mbili hakusaidii kitu kama zote zinategemea njia moja. Nenosiri kuu lisibaki kwa mkandarasi peke yake. Vitabu vya risiti viwe mezani, na wateja watangaziwe wiki moja kabla. Likizo za mafundi zisubiri. Na akitokea mtu wiki hiyohiyo anataka mbadilishe na printa, au mhamishe ofisi ya uhasibu kwenda ghorofa ya pili, mkatalieni, hata akiwa bosi.